Chaja Nzito ya Kweluhundo

Wewe ulipita. Usibishe. Ulipanda gari pale Mombo, ukazimaliza kona zote za mlima dirisha likiwa wazi ili upate ubaridi, na ulipofika njia panda ya Kweluhundo ukatoa simu ukapiga picha chai ilivyojipanga mlimani. Kota za wachumaji zilikuwa palepale, nyuma ya mikaratusi, mabati yameliwa na kutu, nyaya zinaning'inia kutoka paa hadi paa. Ukaisogeza simu kidogo kushoto ili zisiingie kwenye picha. Sasa safu moja ya kota hizo imeungua, na ulipoambiwa redioni kwamba kosa ni la msichana mmoja na chaja yake ya kompyuta, ukasema masikini, ukabadilisha stesheni. Basi kaa chini usikilize, maana Sajenti Yudith Shekiondo hakubadilisha.

Asubuhi ile ya Alhamisi ukungu ulikuwa bado haujaachia mji wa Lushoto. Yudith, mpelelezi aliyezaliwa na kukulia milima hiyohiyo, aliwasha taa ya ofisi akaweka vitu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa chaja ya laptopu, kubwa, nyeusi, iliyobabuka kwa moto, nzito kama jiwe la kupondea vitunguu saumu. Cha pili kilikuwa chaja nyeupe inayoenea kwenye kiganja, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kanga.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne alasiri, watu wakiwa shambani, moto uliwaka kwenye safu ya kwanza ya kota za Shamba la Chai la Kweluhundo. Hakuna aliyekufa, lakini familia zote za safu ile zilibaki na nguo walizovaa. Usiku mvua ikanyesha. Jumatano asubuhi meneja wa shamba, Bwana Paskali, akawaita polisi akawaonyesha chaja nyeusi kwenye majivu ya chumba cha Kornelio, mchumaji wa siku nyingi. Kornelio hana kompyuta. Binti yake Imelda anayo. Mchana huohuo Imelda akawa mahabusu, na shamba likabandika tangazo getini kwamba moto umeletwa na uzembe wa mkaazi, kwa hiyo kampuni haijengi upya wala hailipi fidia, na walioungua watafute pa kwenda kabla ya wiki kwisha.

Lisome tena hilo la mwisho. Chaja moja, na safu nzima ya watu inatupwa barabarani. Hao ni watu waliotoka Kasulu, Songea na Singida kuja kuchuma chai hapa, wengine tangu shamba lilipokuwa la Mgiriki, wakaendelea lilipotaifishwa, wakaendelea lilipouzwa tena. Wenye shamba wamebadilika kila mara. Mabati hayajabadilishwa.

Mkuu wa kituo, Afande Abdallah, hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jalada liende kwa wakili wa serikali siku ileile, likiwa limekamilika.

"Chaja imeonekana chumbani kwake," alimwambia Yudith akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Kama una swali, uliza sasa. Baada ya chakula cha mchana swali litaulizwa mahakamani."

"Ninalo moja, afande. Huyu binti kazi yake ni ya kutembea kwa miguu. Mtu anayetembea ana kazi gani na mzigo huu?"

Abdallah alitazama chaja nyeusi, akatazama saa ya ukutani, akamwachia chumba.

Imelda aliletwa akiwa amejifunga kanga mabegani. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi lakini kichwa kiko juu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Hii nyeusi ni yako?"

"Siyo yangu. Yangu ni hiyo nyeupe, mlinikuta nayo mkobani."

"Meneja ameandikisha maelezo. Anasema kila msafiri ana chaja mbili, nzito ya nyumbani na nyepesi ya safari. Anasema ya safari ulikuwa nayo kazini Lukozi, ya nyumbani uliiacha ukutani ikawaka."

"Meneja anasafiri kwa gari," alisema Imelda.

Yudith hakucheka, ingawa konstebo aliyekuwa mlangoni, Brian, alikohoa ghafla akageukia dirisha. Akamwambia binti aeleze aliinunuaje kompyuta yake, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.

Imelda akaeleza. Kazi yake ni kufundisha vikundi vya wakulima wa mboga kutumia kompyuta, leo Lukozi, kesho kijiji kingine. Bodaboda humfikisha barabara inapoishia, halafu miguu. Kila kitu kinakaa mgongoni, pamoja na mwavuli, koti la mvua na chakula. Alipokwenda Tanga kununua, muuzaji alimwekea kompyuta moja nzuri ya bei nafuu, ila chaja yake ilikuwa kama hiyo nyeusi. Akaibeba, akatembea nayo mpaka mlangoni, akarudi akaiweka chini. Akachagua kompyuta ndogo inayochaji kwa tundu la Taipu C, kwa sababu chaja hiyohiyo inachaji na simu, na njiani akipoteza waya ataupata duka lolote la simu. Wati sitini na tano zinamtosha. Na waya akautaka wa kuchomoka, siyo ule ulioota kwenye chaja, kwa kuwa waya hukatika shingoni kwanza, na ulioota ukikatika unatupa chaja nzima.

"Jambo la mwisho nililoangalia ni miguu ya plagi," alisema. "Hii ina vichwa vya kubadilisha. Cha miguu mitatu ya mraba nakitumia kwenye ofisi na nyumba za wageni. Cha miguu miwili ya duara ni cha nyumbani."

"Kwa nini nyumbani iwe duara?"

Imelda alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeuliza choo kiko wapi akiwa amesimama mbele ya choo chenyewe.

"Afande, hujawahi kuingia kota."

Yudith alichukua kompyuta ya Imelda kwenye vielelezo, akaigeuza pande zote. Akashika pini ya chaja nyeusi, ile ncha ndefu ya mviringo iliyo na sindano katikati, akatafuta pa kuichomeka. Hapakuwa na tundu lake. Kila tundu la kuchajia lilikuwa bapa, dogo, la Taipu C.

Alimwonyesha Abdallah. Mkuu alikubali kwamba ni jambo la kuandikwa, lakini akasema siku hizi Kariakoo wanauza vipini vya kuunganisha kila kitu na kila kitu, na wakili atauliza hivyohivyo. Yudith akakubali. Pini pekee haikutosha. Akamrudisha Imelda mahabusu, akachukua chaja zote mbili kwenye mifuko ya vielelezo, akamwambia Brian alete gari.

Barabara ya Kweluhundo ilikuwa tope jekundu. Njiani Brian alitaka kujua kama kweli wataipanda milima yote ile kwa ajili ya chaja, akasema yeye mama yake alimsomesha ili akamate majambazi. Yudith akamjibu kwamba jambazi huwa mahali pale ulipo mzigo mzito, na akamwekea chaja nyeusi mapajani ili aizoee.

Kwenye kota, safu ya kwanza ilikuwa kuta nyeusi bila paa. Kornelio, baba yake Imelda, alikuwa ameketi juu ya ndoo mbele ya kilichokuwa mlango wake. Mtu mrefu, mwembamba, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmemleta?"

"Bado. Nimekuja kutazama."

Kornelio akainuka akampisha. Alisema maneno machache, na yote yalihusu nyaya. Walisema kwa msimamizi kwamba nyaya za darini zinatoa cheche mvua inapoanza. Walisema tena mwaka uliofuata. Msimamizi akajibu kwamba anayeogopa umeme awashe kibatari. Jumanne, kabla ya moto, jirani yake aliyebaki nyumbani aliona moshi ukitoka darini, juu kabisa, si chini kitandani. Lakini aliyeulizwa jana na polisi waliokuja ni meneja, na meneja ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote.

Yudith aliingia chumbani. Aliondoa kwanza mabati yaliyoanguka, akapiga picha, ndipo akachuchumaa. Mvua ya usiku wa Jumanne ilikuwa imeyalowesha majivu, na joto la moto lililobaki kutani likayakausha kabla ya kucha mpaka yakawa ganda gumu kama plasta. Kila kitu kilichoungua mle ndani kilikuwa kimenaswa kwenye ganda hilo. Sufuria ilitoka na kipande cha majivu kimeing'ang'ania. Bawaba ya mlango vivyo hivyo. Akatoa chaja nyeusi kwenye mfuko akaigeuza. Ilikuwa na masizi pande zote nne, sawasawa, lakini hakukuwa na hata chembe ya ganda.

"Brian, hii ililowa?"

Brian alinusa. "Haijawahi kuonja mvua. Inanuka mafuta ya taa."

"Andika."

Halafu akatafuta soketi. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa umepasuka, lakini kibao cha soketi kilikuwa bado kimeshikwa na skrubu zake, kile cha zamani cha rangi ya kahawia iliyoiva, kisichoyeyuka bali hupasuka kama kigae. Akakisugua kwa kidole gumba. Matundu matatu yakajitokeza, yenye vibomba vya shaba ndani. Yalikuwa ya duara, mawili ya chini yakitosha kabisa kwa kichwa cha miguu miwili cha Imelda.

Aliinua chaja nyeusi, akaifuata kwa waya mpaka kwenye plagi. Miguu mitatu ya mraba, minene, ya shaba. Akaisogeza kwenye soketi. Haikuingia hata ncha. Akamwita Brian ajaribu yeye mwenye mikono ya kubeba magunia. Brian akasukuma, akazungusha, akasukuma tena.

"Sajenti, hii hata ukiipigia magoti haiingii."

Usiseme ni chumba kimoja. Yudith hakusema hivyo. Alivuka kwenda safu ya pili, ambayo haikuungua, akabisha hodi mlango kwa mlango, akasalimia, akaomba aone ukuta. Kila chumba, kibao kilekile cha kahawia, matundu yaleyale ya duara, yaliyowekwa na Mwingereza aliyemtangulia Mgiriki kwa ajili ya makarani wake kabla ya wachumaji kuhamishiwa humo. Miaka yote hiyo ofisi ilibadilishiwa soketi, kiwanda kikabadilishiwa, nyumba ya meneja ikabadilishiwa. Kota ziliachwa. Na juu, darini, waya ulikuwa wa nguo na mpira, nguo imeoza, mpira umekuwa unga. Kwenye chumba cha mwisho mama mmoja, Shamsa, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, alimwonyesha kwa kidevu mahali dari lilipokuwa na doa jeusi linalokua kila masika. Yudith akalipiga picha doa. Akampiga picha mama mwenyewe pia, kwa ruhusa yake.

Nje, juu ya boneti ya gari, alifungua plagi ya chaja nyeusi kwa bisibisi. Plastiki ya nje ilikuwa imebabuka, lakini ndani palikuwa safi, nyaya zina rangi zake. Mahali pa fyuzi palikuwa na fyuzi iliyokwisha kuungua siku nyingi, na juu yake imeviringishwa karatasi ya kung'aa ya aluminiamu ili umeme upite. Akaikunjua kwa ncha ya kisu. Nyuma ya mng'ao huo palikuwa pamechapishwa nusu ya jani la kijani.

Brian aliitambua kabla hajaulizwa. Ndiyo karatasi ya ndani ya pakiti za chai ya Kweluhundo, kila jikoni kuanzia Mazinde mpaka Lukozi ipo. Akataka kujua kama hiyo si ya Imelda vilevile, kwani kila mtu anakunywa chai.

"Kila mtu anainywa," alisema Yudith. "Nani anafungia fyuzi karatasi yake?"

Jibu lilikuwa kwenye karakana ya shamba, nyuma ya kiwanda. Fundi umeme alikuwa Anord, Mshambaa wa makamo, fulana ya kwaya ya usharika chini ya ovaroli. Yudith alimsalimia kwa Kishambaa na wakaulizana za nyumbani kwa utaratibu wake wote, kwa maana mtu wa huko ukimrukia na swali kabla ya salamu unapata jibu la mlangoni. Walipomaliza, alimwomba amwonyeshe anavyotengeneza plagi iliyokufa fyuzi.

Anord alionyesha, tena kwa furaha. Akachomoa ukanda wa karatasi kutoka kwenye rola iliyokuwa chini ya meza, mabaki ya kiwandani yaliyoharibika chapa, akaukata kwa meno, akauviringisha kwenye fyuzi, akaubana. Alieleza kwamba fyuzi mpya zimeombwa na hazijaletwa, na kazi haiwezi kusubiri.

"Na plagi za kota unazifunga hivihivi?"

"Kota hakuna plagi za mraba, sajenti. Kule ni duara tupu. Nafunga za ofisini na kiwandani."

"Hebu rudia."

Anord alianza kurudia, akaona uso wa Yudith, akaacha. Alitazama mfuko wa vielelezo uliokuwa mkononi mwa Brian. Brian naye alishagusa pingu kiunoni. Mkono wa fundi umekutwa ndani ya plagi, fundi ndiye mwenye rola, fundi ndiye mwenye funguo za kila mahali. Brian alimvuta Yudith pembeni akamwambia hivyo kwa sauti ya chini, akiwa ameridhika.

"Anord ana kompyuta?" aliuliza Yudith.

"Hana."

"Basi alimfungia mwenye kompyuta. Ngoja." Akamgeukia fundi. "Anord, plagi hii uliifunga wewe?"

"Mkono ni wangu. Sikatai."

"Ya nani?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mwanaye alikuwa akichuma chai, alisema, na kaka yake alikuwa dereva wa shamba.

"Safu ya pili kuna mama anamnyonyesha mtoto chini ya doa jeusi," alisema Yudith. "Wewe ndiye fundi. Unalijua doa lile kuliko mimi."

"Ya meneja," alisema Anord. "Ile kompyuta yake kubwa. Niliifunga mwezi uliopita."

Ofisi ya meneja ilikuwa na zulia, na dirisha linalotazama chai peke yake. Bwana Paskali alisimama, akanyoosha mkono, akaagiza chai kwa wageni. Alikuwa mtu wa sauti laini, shati limepigwa pasi vizuri. Alisema anamsikitikia sana yule binti, kijana mwenye bidii, lakini uzembe ni uzembe, na kampuni haiwezi kulipia makosa ya wapangaji wake. Alimwita Yudith dada yangu. Yudith alimwita meneja.

Juu ya meza kulikuwa na laptopu pana, nene, ya kuchorea ramani. Kwenye ubavu wake kulikuwa na pini ya chaja nyembamba, mpya, bado ina nailoni.

Yudith aliomba aonyeshwe ramani ya kota, ile inayoonyesha njia za nyaya. Meneja alisema ipo kwenye kompyuta, ila betri inasumbua. Yudith akasema haina shida, chaja si imechomekwa. Meneja akabonyeza. Kioo kikawaka, kikafifia, na kabla ramani haijafunguka likatokea onyo kwamba chaja iliyounganishwa ni dhaifu kwa kompyuta hii. Sekunde chache baadaye kioo kikazimika.

"Chaja hii ni ya lini, meneja?"

"Jana. Nimeipata Mombo. Ya zamani ilipotea."

"Ulichaguaje?"

Alicheka kidogo. "Dada yangu, chaja ni chaja. Niliangalia pini inayoingia, nikachukua nyepesi nisihangaike nayo safarini."

"Pini ni mlango tu. Ndani kuna wati." Yudith aliigeuza laptopu kifudifudi na kuwasomea maandishi ya tumboni mwake. "Volti kumi na tisa nukta tano, ampea sita nukta saba. Hiyo ni wati mia na thelathini. Hii uliyonunua inatoa sitini na tano, inamtosha binti wa Kornelio, wewe haikutoshi. Brian, leta ile nyingine."

Brian aliiweka mezani juu ya karatasi. Yudith alifuta masizi ya tumboni kwa kitambaa chenye spiriti, taratibu, mpaka herufi zikatokea, akamtaka meneja azisome yeye mwenyewe. Meneja hakusoma. Brian akasoma. Volti kumi na tisa nukta tano. Ampea sita nukta saba.

Ndipo Yudith alipochomoa pini mpya, akaishika ile iliyoungua nusu, akaisogeza kwenye ubavu wa laptopu ya meneja. Iliingia yote, ikakaa.

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Iliibiwa," alisema Bwana Paskali. Sauti ilikuwa bado laini, lakini mikono imeshuka chini ya meza. "Yule binti anaingia ofisi hii kuleta barua za baba yake. Aliiba."

"Aliiba chaja isiyo na tundu kwenye kompyuta yake."

"Kuna vipini vya kuunganisha."

"Sawa. Akaibeba mpaka nyumbani akaichomeka wapi?"

"Kwenye soketi. Ukutani. Wapi tena?"

"Soketi ya namna gani, meneja?"

Aliinua mabega. Akaonyesha soketi ya ofisi yake, nyeupe, ya mraba, kama mtu anayemwonyesha mtoto mbuzi. "Soketi. Kama hii."

Yudith akaweka simu mbele yake na kumpitishia picha, moja baada ya nyingine, safu ya kwanza na safu ya pili, vibao vya kahawia, matundu ya duara, duara, duara. Meneja alizitazama kwa makini, na ilionekana wazi kwamba anaziona kwa mara ya kwanza maishani.

"Umekuwa meneja hapa muda mrefu," alisema Yudith. "Kabla ya jana, umewahi kuingia kota?"

"Nina wasimamizi."

"Ndiyo maana."

Alimweleza kilichobaki, bila kupandisha sauti. Majivu ya chumba kile yaliganda kwa mvua ya Jumanne usiku, na chaja haikuwa na ganda, kwa hiyo iliwekwa Jumatano. Ilibabuliwa kwa mafuta ya taa, na ndani ya plagi hapakuungua kitu. Fyuzi imefungwa kwa karatasi ya kiwanda hiki, na aliyeifunga amesema aliifungia nani. Moto ulitoka darini, kwenye nyaya ambazo wakaazi walizilalamikia na ofisi ikawaambia wawashe kibatari. Moto wa nyaya unamdai mwenye nyumba. Moto wa chaja unamdai mpangaji. Ndiyo hesabu aliyoipiga, na aliipiga vizuri, isipokuwa hakujua nyumba zake zina matundu gani.

Bwana Paskali aliomba apige simu makao makuu. Yudith akamruhusu. Makao makuu, waliposikia neno polisi, wakasema wao hawakujua lolote kuhusu chaja na kwamba meneja ajibu mwenyewe. Akaishusha simu. Brian alimsomea haki zake akamfunga pingu, na safari hii hakukohoa.

Yudith akampigia Abdallah. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama plagi imepigwa picha ikiwa pembeni ya soketi. Imepigwa. Akauliza kama fundi atasaini maelezo. Anasaini sasa. Akasema jalada halitakwenda kwa wakili kama lilivyo, na kwamba yeye mwenyewe anashuka mahabusu kumfungulia binti, asipewe mwingine kazi hiyo.

Meneja alitolewa kwa mlango wa mbele. Ilikuwa saa ya kupima majani, na wachumaji walikuwa wamepanga foleni mbele ya mizani na vikapu migongoni. Foleni ilisimama. Mama mmoja alishusha kikapu chake chini, wa nyuma yake akashusha, ikaenda hivyo mpaka mwisho, na karani wa mizani akabaki ameshika kalamu bila kazi. Kuna aliyemuuliza meneja kwa adabu zote kama amewahi kubeba chaja nzito namna hiyo, au mzigo wowote. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kota.

Kornelio alikuja akikimbia, mtu wa umri ule. Yudith akamwambia kwamba Imelda yuko njiani, na kwamba lile tangazo la getini si halali tena. Mzee alikwenda getini akalibandua kwa kucha, lote, hata gundi, huku watu wakimfuata nyuma wakiongezeka. Na Imelda alipowasili kwa bodaboda, mkoba mgongoni, hawakumpa nafasi ya kushuka. Walimwinua pamoja na mkoba wake.

Alipofika chini, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa moja tu. "Safu ya pili imezimwa umeme?"

Haikuwa imezimwa. Anord alisema utaratibu wa shamba unataka saini ya meneja. Yudith akamwambia meneja yuko garini na mikono yake ina shughuli nyingine. Basi wakaenda wote nyuma ya stoo ya mbolea, penye kisanduku cha chuma chenye mpini, na Anord akamwachia Kornelio. Mzee akaushika mpini kwa mikono miwili, akaushusha. Ulitoa mlio mmoja mzito. Kutoka kota ikasikika sauti ya Shamsa akiwaambia watoto wa safu ya pili watoke nje, godoro watoe, leo wanalala kwenye ukumbi wa kiwanda, na atakayewazuia aje azungumze naye.

Hao wamekwisha kushusha mpini wao. Wewe bado. Kuna shamba unalipita kila wiki, unalijua jina lake, lina kota, na juu ya dari za kota hizo kuna waya uliooza na mtu amelala chini yake sasa hivi unaposoma. Usiniambie Jumamosi. Usiniambie utamtafuta mbunge. Weka kitabu chini. Nenda, bisha hodi, salimia, tazama dari. Ukiona doa jeusi, watoe watu nje, ulizia kisanduku kiko wapi, mlete fundi, mpini ushuke, halafu simameni mbele yake nyote na msiondoke mpaka mwenye shamba aje na waya mpya. Inuka.